Siku Niliyosoma Karatasi Isiyokuwa Ukutani

Waliokuwepo ni hawa, na nawataja mmoja mmoja ili mtu asije akasema nimetunga. Mwalimu Phanice, msichana wa kutoka Vihiga aliyemaliza chuo akakaa bila kazi, akawa mpangaji kwa jirani yangu hapa Njoro. Rael, yaani Mama Kiprono, tuliyekaa naye dawati moja, na shamba lake limepakana na langu, tumetenganishwa na ua wa kaiyaba tu. Mzee Barnaba fundi baiskeli, mwanamume pekee wa darasa letu. Mama Bhavna, Mhindi wa duka la madaftari kule Nakuru, ambaye Mwalimu alikuwa akinunua chaki kwake. Na Mzee Kamotho, mzee wa kanisa, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa hivyo ni shemeji yangu na mtani wangu tangu nilipoolewa. Halafu wanawake wengine wanane wa darasa (Wanjiku, Wairimu wa posho mill, Esther, Esther mwingine, Tabitha, Chelangat, Mama Boi na Nyokabi), lakini hao waliitikia tu, hawakuharibu kitu. Aliyeharibu ni mimi.

Aibu yake ninayo mpaka leo. Nikipita mbele ya lile kanisa tulilosomea na nikute vijana wamekaa pale nje, hata kama walikuwa hawajazaliwa, naona kama wananicheka, navuta leso na kuongeza mwendo, na magoti yenyewe mnajua yalivyo.

Sasa ili mnielewe lazima niwaambie kwamba mimi shule niliionja miezi mitatu tu, nikatolewa kwenda kuchuma pareto pamoja na mama. Huko shambani kila asubuhi nyapara alikuwa anatupanga mstari, baridi ile ya Njoro inakukata masikio, anafungua kitabu chake na kuita majina, na mimi nikiwa na kikapu changu mgongoni nikawa nayasikia tu, leo nayasikia, kesho nayasikia, mpaka yakaingia. Siku moja nyapara alisahau kitabu nyumbani. Akabaki amesimama hapo kama kuku aliyenyeshewa. Nikamwambia, "Mimi naweza." Nikawaita watu wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na waliokufa nikawaruka, na nyapara akanipa nusu mkate. Tangu siku hiyo nikajua moyoni mwangu kwamba kusoma ni dawa ya watu wanaosahau, na mimi sisahau.

(Hiyo nusu mkate ndiyo iliyonimaliza. Naona hivyo sasa.)

Basi nikazaa, nikalea, nikazika mzee wangu, na uzeeni ndipo Mwalimu Phanice akaanzisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, katika chumba cha Sande skuli, mchana wa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, bila malipo. Tulianza na Kiswahili, na baada ya miezi kadhaa tukamwomba Kiingereza sisi wenyewe, maana wajukuu walikuwa na tabia ya kutusengenya kwa Kiingereza tukiwa tumekaa hapo hapo tunawapakulia chakula. Mwalimu akacheka sana. Akasema tutaanza na maneno mafupi, ya herufi tatu, na yote yatakuwa na herufi moja katikati.

Akaja na karatasi kubwa za manila, ameandika kwa kalamu nyeusi, lakini ile herufi ya katikati ameiweka nyekundu. Ukiangalia kwa mbali unaona nyekundu zimeshuka kwa mstari ulionyooka kama maharagwe yaliyopandwa na mtu aliyevuta kamba. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya a. Akatuambia, "Mama zangu, huyu wa katikati ndiye mwenye nyumba. Wageni wanaingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma, wanabadilishana, lakini yeye hatoki." Mzee Barnaba akauliza, "Na kodi analipa nani?" Tulicheka mpaka Wairimu akatoka nje.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na naweza kuisema hata mkiniamsha usingizini: bag, mfuko. Cat, paka. Fan, feni. Hat, kofia. Jam, ile ya kupaka mkate. Mat, mkeka. Pan, kikaango. Rat, panya. Tap, mfereji. Wax, nta. Kumi. Baadaye akaleta karatasi ya pili, ambayo mwenye nyumba wake alikuwa u, na hiyo tulikuwa tumeifanya siku mbili tu, sikuwa nimeimeza vizuri. Zote mbili zilitundikwa kwa msumari mmoja, moja juu ya nyingine.

Mnaona nilivyosema kumeza. Mwalimu alikuwa akigonga karatasi kwa fimbo na kusoma, sisi tunaitikia, na mimi baada ya siku ya pili nilikuwa sina haja ya kuangalia. Fimbo ikienda ya nne najua ni kofia. Mwalimu akawa ananisifu, "Mama Gathoni, wewe ni moto," na wenzangu wakawa wananiangalia kama nimetoka chuo kikuu pale Egerton, na mtu akisifiwa hivyo, na ni mzee, na hajawahi kusifiwa kwa kitu cha kalamu maisha yake yote, atasimama aseme kwamba haoni chochote isipokuwa nyekundu? Ningesimama mimi? Sikusimama. Nilikaa hivyo miezi minane, Kiswahili na Kiingereza.

Rael ndiye alijua. Yeye alikuwa anasoma polepole, kidole chini ya kila herufi kama mtu anayetafuta chawa, na siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Gathoni, wewe huangalii. Umekodolea ukuta macho kama mtu anangoja maziwa yachemke."

"Kwani jibu si ni lile lile?"

"Ni lile lile. Ngoja siku Mwalimu aanzie chini."

Nikamwambia ashughulike na chawa wake.

Sasa kulikuwa na maneno ya chumba. Kanisa lilikuwa limenunua hema na viti vya kukodisha kwa harusi na matanga, na vilikuwa vinalala nje kwa mvua, na shemeji yangu Kamotho ndiye mwenyekiti wa hiyo kamati. Alikuwa akipita mlangoni, anachungulia, anasema, "Shemeji, mkimaliza kusoma mtakuwa mawaziri? Hema zangu zinaoza nje na nyinyi mnaimba paka na panya ndani ya kufuli." Siku moja akaja bila utani. Akamwambia Mwalimu kwamba kamati imekaa, na kwamba Jumamosi yeye mwenyewe atakuja kuwasikiliza watu wazima wake wakisoma. Wakisoma, chumba ni chao. Wasiposoma, Jumatatu hema zinaingia. Mwalimu Phanice hakuwa na mahali pengine pa kutupeleka. Alimwita Mama Bhavna aje kama shahidi, maana alikuwa ameahidi kutuletea katoni ya madaftari, na Mwalimu aliona Kamotho hataweza kutufukuza mbele ya mgeni aliyebeba katoni. Na akasema, "Mama Gathoni ndiye atashika fimbo."

Siku hiyo nilifika mapema kuliko wote. Nikafagia, nikapangusa madirisha, nikapiga sakafu maji, na hapo ndipo nilipoangalia zile karatasi na kuona vumbi na kinyesi cha nzi, na kwenye karatasi ya a, pembeni chini, lile doa la chai aliyomwaga Rael wakati wa baridi. Doa kubwa, kama ramani. Nikajiambia hatuwezi kumwonyesha Mama Bhavna uchafu namna hii. Nikazishusha zote mbili, nikazipangusa na kitambaa, na nikachukua makasi ya Mwalimu kutoka mezani na kukata lile doa. Halafu, ili pembe zote zifanane, nikakata na za ile nyingine. Nikazitazama zimelala pale juu ya meza, safi, zimefanana kama mapacha. Nikazitundika. Nikarudi nyuma hatua tatu kujivunia kazi yangu.

Rafiki zangu, lile doa ndilo lilikuwa macho yangu. Ndilo lililokuwa linaniambia hii ni karatasi gani. Nilikuwa nimejikata macho kwa makasi, na nikafagia vipande nikatupa kwa jiko.

Wageni wakaja. Mama Bhavna na sari yake ya kijani na viatu vya raba, maana alijua matope yetu. Kamotho na koti la mazishi. Wakawekwa mbele na chai na mandazi, Mwalimu akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikamhurumia, nikajiambia ngoja nimtoe wasiwasi huyu mtoto. Nikashika fimbo. Nikageukia wageni kwanza, nikasalimia, nikasema Bwana asifiwe. Halafu nikagonga ya kwanza, na uso wangu bado uko kwa wageni, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa televisheni kwamba mtu anayejua kitu hahitaji kukiangalia.

"Bag!"

Darasa, "Bag!"

"Mfuko!"

"Mfuko!"

Nilisikia kuna sauti moja imepungua, upande wa Rael, lakini nikaendelea. Cat, paka. Fan, feni. Nikamwona Mwalimu kule nyuma amekunja uso, nikadhani ni jua la dirishani. Hat, kofia. Mwalimu akaanza kunipungia mkono, chini juu, chini juu. Nikaelewa ananiambia niongeze sauti. Nikaongeza. Jam! Mat! Kikaango kilitoka kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika mpaka barabarani. Mwalimu akafunika uso na mikono miwili. Nikajua amelia kwa furaha. Panya, mfereji, nta, nikamaliza, nikashusha fimbo, na Mzee Barnaba akapiga makofi. (Baadaye Barnaba alisema yeye aliona kabisa kwamba ukutani kuna kitu kingine, lakini alifikiri ni Kiingereza cha kiwango cha juu.)

Mama Bhavna hakupiga makofi. Aliweka kikombe chini pole pole, akasema kwa heshima, "Mama, hapana kasirika. Soma tena ile namba mbili."

Nikagonga. "Cat. Paka."

Kamotho akainuka, akaenda mpaka karibu na karatasi, akavaa miwani. "Paka yuko wapi hapa, shemeji?"

"Si huyo. Hata wewe unaye nyumbani, na hajashiba."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, na Kamotho akangoja wamalize.

"Shemeji, hapa pameandikwa kikombe."

Nikageuka. Ndiyo mara ya kwanza niliangalia ule ukuta siku hiyo, labda ndiyo mara ya kwanza niliuangalia kabisa. Nyekundu zilikuwa pale zimenyooka. Na nikaona kwamba ile herufi ya katikati ilikuwa wazi juu, kama bakuli. Ile ya doa ilikuwa imefunga. Miezi yote hiyo na sikuwa nimewahi kuona kwamba moja imefunga na nyingine iko wazi.

Hapa ndipo ningesema nimeshindwa, watu wacheke, tunywe chai. Badala yake mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Basi Mwalimu ndiye ameandika vibaya."

Kamotho akageuka polepole kuelekea mlangoni. "Kumbe ndivyo unavyowafundisha hawa wazee, dada? Paka unaandika kikombe?" Na Mwalimu Phanice, aliyekuja kila siku ya darasa kwa miguu, aliyenunua manila kwa pesa ya sabuni yake, alisimama na hakujitetea. Aliinamisha kichwa tu, kwa sababu alilelewa kutomkanusha mtu wa umri wa mama yake mbele ya watu. Heshima yake kwangu ndiyo ilikuwa inamchongea.

Nikaona hema zinaingia. Nikafikiri nikiivuta hii karatasi, ile ya paka itatokea chini yake na mambo yatanyooka, basi nikaishika kwa mikono miwili na kuvuta, na msumari ukatoka na plasta, kipande kama chapati, kikatua katika chai ya Kamotho, na chai ikatua kwa koti la mazishi. Mama Bhavna aliokoa mandazi.

Kamotho alikuwa anapangusa koti tu. Mimi nimesimama na karatasi mbili kifuani kama mtu aliyejifunika baada ya kuoga.

Ndipo nikasikia dawati limesukumwa. Rael alikuja akanichukulia zile karatasi, akatandika ile ya u juu ya meza ya wageni, katikati ya vikombe, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Na akaanza. Bbb. Uuu. Sss. Alikaa hapo nikafikiri tutazeeka mara ya pili. "Bus," akasema. "Basi." Akasogeza kidole. Cup, kikombe. Cut, kukata. Kwa gum alikwama, akarudi nyuma, akaipata: gundi. Hut, nyumba ya nyasi. Mud, matope. Hakuna aliyemwitikia na hakuna aliyecheka. Chai ikaweka utando. Nut, njugu. Rub, kusugua. Sun, jua. Mama Bhavna alikuwa ameinama pamoja naye, midomo yake inamsaidia bila sauti. Tub, beseni. Halafu Mama Bhavna akaweka kidole chake kwa neno la sita, akarudi la tatu, akaruka la nane, na Rael akayasoma, kila moja kwa jasho lake.

Kamotho akavua miwani. "Huyu amesoma," akasema. "Lakini ni mmoja. Na mwalimu anayeandika vibaya..."

Nikasema, "Shemeji, ngoja."

Nikasema, "Mwalimu hakukosea. Mimi ndiye nilizitundika asubuhi, na nilizitundika vibaya kwa sababu sijui kusoma. Hata jina langu nalichora tu. Nimekuwa nikikumbuka."

"Miezi minane?"

"Minane."

"Yote?"

"Yote, na ya Kiswahili."

Mama Bhavna akanishika mkono, akasema, "Mama, pengine macho. Wewe enda kwa daktari ya macho." Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, Mungu ambariki, na nilitamani sana kuupita. Lakini Rael alikuwa ananiangalia.

"Macho ni mazima, mama," nikamwambia. "Ni kiburi."

Hapo ndipo walicheka, wote, Kamotho mpaka akakaa chini juu ya chai yake mwenyewe. Alipopata pumzi akamwambia Mwalimu, "Dada, nisamehe. Chumba kikae. Lakini huyu shemeji yangu aanze upya, dawati la mbele kabisa, na fimbo mnyang'anyeni." Akatoka na madoa yake, na ilipofika jioni hadithi ilikuwa imefika Mau Narok kabla mimi sijafika nyumbani. Mpaka leo kuna watu pale sokoni wakiona paka wananiita, "Mama Gathoni, kikombe chako hiki hapa."

Nilianza upya. Nilikaa mbele kama mtoto wa nasari, na nilipomaliza kumwomba Mwalimu msamaha (alilia, nikalia, nikampelekea kuku), akampa Rael kazi ya kunifundisha. Rael hakuwa na huruma. Alikuwa anaanzia chini, anaanzia katikati, anafunika herufi kwa kidole chake, na nikianza kuimba ananigonga mkono. Ilichukua mwaka. Neno la kwanza nililolisoma kwa macho yangu, bila kulisikia kwanza kwa mtu, lilikuwa mud, na nilipotoka nje nilisimama kwenye matope nikayaangalia kama mgeni niliyetambulishwa kwake.

Naikumbuka sana michana hiyo. Harufu ya chaki na mvua, Wairimu na unga nywele nzima, Barnaba na swali lake la kipuuzi kila siku. Tulikuwa wazee na tulikuwa watoto. Mwalimu alipata kazi ya serikali akaenda, sherehe yake tulifanya kwa nyama ya kuchoma ya kule Kikopey aliyotuletea kijana wa Tabitha. Barnaba alitutoka. Hema ziliingia mwishowe, na sasa ukichungulia dirishani unaona viti vya plastiki mpaka juu. Rael amehamia kwa mwanawe Eldama Ravine, na asubuhi ananitumia ujumbe kwa simu, mfupi, bila kumwita mjukuu amwandikie, na mimi bila kumwita mjukuu anisomee namjibu. Tunachelewa kunywa chai kwa sababu ya hayo, maana kila mmoja wetu bado ni wa kidole.

Nimeapa sitasema tena "nimesoma" kwa kitu nilichosikia tu, hata Biblia, hata kama ni Zaburi ninayoijua mbele na nyuma. Naifungua, nakaa nayo.

Lakini kuna jambo limenishangaza. Tangu nianze kusoma, majina yameanza kunitoroka. Nayaandika, na nikishayaandika yanaondoka kichwani kama wapangaji. Juzi nilikaa saa nzima natafuta jina la yule nyapara, na silipati. Kwa hivyo kama kuna aliyekuwa pale siku hiyo na anaona nimemsahau, au yule Esther wa pili hakuwa Esther, au sari ya Mama Bhavna haikuwa ya kijani, nisahihisheni, sitakasirika. Ila msinipigie simu. Niandikieni. Nitasoma.